Uchunguzi wa Dirishani

Yelemiya Kabuluzi alioa kwetu Mphalasa, katika vilima vya Dowa, na kwa desturi yetu mwanamume ndiye anayehamia kwa mkewe. Alikuja na jembe, blanketi na redio mbovu. Mwanamume wa namna hiyo tunamwita jogoo wa kuazima: atawika, atapanda, lakini banda si lake. Watoto ni wa ukoo wa mama, shamba ni la ukoo wa mama, na neno la mwisho liko kinywani mwa mjomba. Yelemiya aliyajua hayo tangu utotoni, maana baba yake naye alikuwa jogoo wa watu, kwa hiyo alipotaniwa alicheka tu na kuomba aongezewe togwa.

Kilichompa shida ni ukwe. Kwetu mkwe wa kiume hakutani macho na mama mkwe wake. Wakikaribiana njiani, mkwe huingia majanini na kugeuza mgongo mpaka mwenzake apite, hata kama majani yana umande na yeye amevaa suruali ya kanisani. Hali chakula mbele yake, haingii alimo, halitamki jina lake. Akiwa na neno humtuma mkewe, au huuambia ukuta na ukuta ukafikisha. Siku hizi vijana wanakaa kochi moja na mama wakwe zao wakitazama mpira. Sisemi ni vibaya, ila enzi zile ungemwona mtu anafanya hivyo ungemwita mjomba wake haraka.

Mama mkwe wake alikuwa mjane, tukimwita Nabanda kwa jina la ukoo wake. Alikuwa mwembamba, mwepesi wa mguu, na kicheko chake kilisikika kutoka kisimani hadi kanisani. Yelemiya alikaa naye ua mmoja miaka minne akamjua kwa visigino, kwa kikohozi na kwa kicheko hicho. Uso wake hakuwahi kuuona sawasawa.

Basi shule ya uuguzi ya misheni ikatangaza kwamba inapokea na wanaume. Yelemiya alikuwa amemaliza sekondari, na siku zote alikuwa akitamani kazi hiyo, ingawa wenzake walimcheka kwamba anakwenda kuosha vyungu vya wagonjwa. Mjomba Kalebe, kaka yake Nabanda, alikataa kata kata. Alisema mkwe analetwa alime shamba la mama mkwe, na kama huyu anataka kwenda kushika mikono ya wagonjwa mjini, basi jembe la dada yake atalishika nani? Kikao kilikuwa kimekwisha, watu wameshaanza kuinuka, ndipo Nabanda akatuma neno kupitia kwa binti yake Esnarti, mke wa Yelemiya, aliyekuwa na mtoto wao Tamandani mgongoni. Alisema jembe alilijua kabla hajajua kusema, na mkwe wake aende shule.

Akaenda. Mwaka ule Nabanda alilima shamba lake na la mkwewe, akapalilia yote mawili, na hakuna aliyemsikia akilalamika. Yelemiya alimshukuru mpaka ikamuwia uzito. Kuna shukrani inayokufanya ulale vizuri, na kuna ile inayokuamsha kabla ya jogoo ukasome. Yake ilikuwa hii ya pili.

Shuleni alikutana na Mama Chimphamba, mkufunzi mfupi mwenye sauti ya kuitia ng'ombe. Somo lake lilikuwa kumchunguza mgonjwa kwa macho, mikono na masikio. Alisema mashine zitaharibika na umeme utakatika, lakini macho unakwenda nayo popote. Aliwafundisha kwamba uchunguzi unaanza mgonjwa akiwa bado mlangoni: anatembeaje, anashika wapi, anapumuaje. Kisha unauliza, unatazama, unagusa, unagongagonga kwa kidole, unasikiliza. Ila kwa tumbo, alisema, utaratibu unabadilika. Tumbo unalitazama kwanza, unalisikiliza, ndipo unaligusa, maana ukianza kulifinyafinya linabadili mlio na kukudanganya. Na unapolibonyeza usiangalie mkono wako, mwangalie mgonjwa usoni, maana mdomo unaweza kusema haumi na uso ukasema vingine.

Hapo kwenye uso ndipo Yelemiya alipokwama. Siku ya mtihani wa vitendo alipewa bibi mmoja mwenye maradhi ya kifua. Alimsalimu vizuri, akapiga goti, akauliza yote ya kuuliza, akagusa penye kuguswa, yote hayo akiwa ameinamisha macho kama yuko mbele ya mkwe. Alipomaliza, Mama Chimphamba alimwuliza midomo ya bibi ina rangi gani. Hakujua. Macho yake je? Hakujua.

"Kabuluzi," mkufunzi akasema mbele ya darasa zima, "umeichunguza sakafu. Sakafu ni nzima, haina homa. Huyu bibi utamchunguza lini?"

Wenzake walicheka mpaka wakashika mbavu. Akaambiwa atarudia mtihani baada ya likizo, na kabla hajatoka mlangoni Mama Chimphamba akamwita pembeni, akamwambia kwa sauti ya chini, ambayo hakuna aliyedhani anayo, kwamba adabu ni kitu kizuri, lakini aibu ya muuguzi inaweza kumzika mgonjwa.

Alirudi Mphalasa katikati ya mvua, mahindi yamefika kiunoni na magugu nayo hayakubaki nyuma. Asubuhi ya kwanza alisimama nje ya ukuta wa nyumba ya mama mkwe, akaupa ukuta mgongo na kupiga makofi mepesi ya salamu. Akauliza ameamkaje. Kutoka ndani Nabanda akajibu ameamka salama, hajui mkwewe ameamkaje. Yelemiya akasema naye ameamka salama. Sauti ya mama mkwe ilikuwa ya chini kuliko alivyoizoea, lakini salamu ilikuwa imekamilika, haikupungua neno. Akachukua jembe akaenda shambani kulipa deni lake la palizi.

Nasema wazi kwamba kosa hilo ni letu sote. Kwetu hata anayekata roho huamka salama. Ukimwuliza mtu ameamkaje humuulizi habari za mwili wake, unampa heshima, naye anakurudishia. Nimewahi kumsikia mzee akijibu hivyo na mguu wake umevunjika. Yelemiya, mwanafunzi wa uuguzi, alikuwa ametoka kuchekwa kwa jambo hilohilo, lakini aliposimama kwenye ua wa kwao alisahau kwamba ni mwanafunzi akakumbuka kwamba ni mkwe.

Kesho yake Nabanda hakutoka nje. Esnarti alimfuata mumewe shambani mbio, kitenge kimemlegea. Alisema mama anatapika, na anachotapika kimebadilika, kimekuwa cha kijani na kinanuka. Hajala tangu juzi. Hata uji wa asubuhi ile ulirudi wote.

"Na choo?" Yelemiya akauliza.

"Ananiambia nisimuulize mambo ya kitoto."

Walipofika nyumbani walimkuta Mjomba Kalebe ameshafika na mkokoteni wake wa ng'ombe, ndio pekee uliokuwepo kijijini. Mjomba alikuwa ameketi barazani, kofia magotini, na alikuwa amekwisha kukata shauri. Juma lile Nabanda alikwenda matangani kijiji cha jirani, akanywa togwa kwenye kibuyu cha watu. Kwa Mjomba habari ilikuwa imeishia hapo: ametiliwa sumu. Alikuwa anangoja tu mvua ipungue ampeleke kwa mganga mmoja ng'ambo ya mlima, upande wa Ntchisi, ambaye alisifika kwa kutoa sumu tumboni. Na hospitali ya misheni, kama mtu angetaka kujua, ilikuwa upande wa pili kabisa.

Yelemiya alisimama uani maji yakimchuruzika. Alijua kwamba tumbo linalotapisha kijani juu, na pengine halitoi kitu chini, si tumbo la kusafirishwa kwenda kusikojulikana. Lakini yeye alikuwa nani? Jogoo wa kuazima hawiki kwenye kikao cha wenye banda. Akiomba apelekwe misheni bila kusema kwa nini, Mjomba atasema shule imempa kiburi. Na kusema kwa nini hakuweza, maana hakuwa amemwona mgonjwa, na kumwona hakuruhusiwa.

Akapiga moyo konde. Aliomba ruhusa, kwa adabu zote, amchunguze mgonjwa kabla mkokoteni haujaondoka.

Mjomba alimtazama kama mtu aliyeombwa amwazime mkewe. "Utaingia humo ndani? Kwa mkweo?"

"Hapana, mjomba. Siingii. Nitakaa hapa hapa barazani."

"Sasa utamchunguzaje? Kwa kunusa?"

"Mke wangu ataingia. Mimi nitakaa chini ya dirisha, nimeupa ukuta mgongo. Nitakachomwambia afanye, atafanya. Atakachokiona, ataniambia."

Mjomba alifikiri. Alitafuta mahali desturi ilipovunjwa katika mpango huo asipaone. Mwishoni akasema haya, na wafanye upesi, ng'ombe wamekwishafungwa nira.

Basi Yelemiya akaketi chini ya kidirisha kile, magoti kifuani, macho kwenye matope ya uani. Esnarti akaingia. Kwa muda hapakusikika kitu ila mvua kwenye nyasi za paa na pumzi za Nabanda, fupifupi. Mumewe alimwuliza kwanza mama amelalaje. Amejikunja, Esnarti akajibu, na akinyoshwa miguu anakunja tena. Akamwambia amvute kope la chini, autazame ulimi, auminye mgongo wa mkono na kuuachia. Kope lilikuwa na rangi yake. Ulimi mkavu kabisa, na ngozi iliyominywa ilikaa imesimama kabla ya kurudi.

"Sasa shika kifundo cha mkono wake, upande wa kidole gumba. Umeyapata mapigo?"

"Nimeyapata."

"Kila likipiga, sema. Mimi natazama saa."

Esnarti akaanza kusema hilo, hilo, hilo, na maneno yakafuatana mbio mpaka ulimi ukamkwama. Barazani Mjomba Kalebe aliacha kuchezea kofia. Mtu asiyejua hata kusoma saa angesikia kwamba moyo ule unakimbia.

Wakaenda kwenye tumbo. Yelemiya alimwambia afunue nguo asiguse kitu, atazame tu, na amwambie kila kitu hata kama anaona ni cha kijinga. Esnarti alisema tumbo limejaa kama la mwenye mimba, na chini ya ngozi kuna kitu kinapita, kinakuja mawimbi mawimbi, na kila wimbi likija mama anang'ata mkeka. Yelemiya akafumba macho. Alipitisha chombo chake cha kusikilizia juu ya bega, dirishani, bila kugeuka, mkono wa mkewe ukakipokea. Esnarti alisema tumbo linalia kama maji yanayomiminwa kutoka kwenye chupa yenye shingo nyembamba, halafu kimya, halafu tena.

Kisha kugusa. Alimwambia apashe mikono kwanza, aanzie mbali na panapouma, na asiitazame mikono yake.

"Mtazame usoni. Anakunja wapi?"

"Kote anakunja kidogo," Esnarti akasema. "Lakini nikienda chini, kulia... baba Tamandani, hapo chini anashika mkono wangu hataki."

Yelemiya alikuwa amejua kwamba utumbo umeziba tangu mkewe aliposema mawimbi. Mama Chimphamba aliwaambia mara nyingi kwamba tumbo likiziba, muuguzi asimalize kazi kabla hajatazama kila tundu ambalo utumbo unaweza kuchomokea. Tundu mojawapo, na hasa kwa akina mama waliokwisha zaa, liko kwenye kinena. Akahisi masikio yanawaka moto. Mtu ambaye hajawahi hata kulitamka jina la mama mkwe wake alitakiwa sasa, mchana kweupe, kaka wa mgonjwa ameketi hatua chache kutoka kwake, aitaje sehemu ile. Akafikiria mashamba mawili yaliyopaliliwa na mwanamke mmoja.

"Esnarti. Tazama pale paja linapoungana na tumbo. Kwenye kinena. Pande zote mbili."

Mjomba Kalebe alikohoa kikohozi cha onyo.

"Baba Tamandani," Esnarti akasema taratibu, "hayo maneno unajua nani anayasikia?"

"Najua."

"Na unataka niendelee?"

Kabla hajajibu ikasikika sauti nyingine, ya chini, ya mtu aliyekusanya nguvu.

"Fanya anavyosema," Nabanda akasema. "Mficha uchi hazai. Mimi nilishazaa, sina tena cha kuficha."

Nadhani ndivyo alivyo mtu jasiri. Wengine hungoja wapone ndipo watanie.

Esnarti alikipata upande wa kulia, chini kidogo ya mkunjo wa paja: kinundu kidogo kama yai la njiwa, kigumu, cha moto, kisichoingia ndani. Yelemiya alimwambia asikisukume tena hata kidogo, amfunike mama, ampe mto chini ya magoti, wala asimpe kitu cha kunywa. Halafu akauliza swali ambalo alipaswa kuuliza jana yake. Aliuliza akiwa bado ameyatazama matope, lakini safari hii hakumtumia mkewe wala ukuta.

"Mama, sikuulizi umeamkaje. Nakuuliza unaumwa nini, na tangu lini."

Kisha Nabanda akasema. Kinundu kile alikuwa nacho miaka. Akibeba ndoo kinatoka, akilala kinaingia, akakizoea kama mtu anavyozoea mlango unaolia. Hakumwambia mtu, hata binti yake, maana kilipo hapasemeki. Juzi alinyanyua gunia la mbolea, kikatoka, kikakataa kurudi.

"Naumwa, mkwe," akasema. "Naumwa sana."

Mjomba Kalebe alisimama. Baadaye alituambia kwamba katika maisha yake yote hakuwahi kumsikia dada yake akisema neno hilo, hata alipokuwa akijifungua.

"Ni nini hicho?" akamwuliza Yelemiya.

"Ni ngiri, mjomba. Utumbo umechomoka kwenye tundu dogo na tundu limeukaba. Ukikaa hivyo unaoza."

"Ngiri ni ya wanaume."

"Hata mimi nilidhani hivyo. Siyo."

"Na hiyo ya mganga, dawa ya kutoa sumu?"

"Itamtapisha zaidi. Anayetakiwa ni mtu wa kukata na kuurudisha ndani. Leo, mjomba, si kesho."

Mjomba aliitazama ile njia ya Ntchisi, halafu akamtazama mkwe wa dada yake aliyeketi barazani na mgongo wake ukutani, mtiifu kwa desturi kuanzia kisogo hadi nyayo. Mjomba ni mtu mgumu, lakini si mjinga, na nimekwisha kusema kwamba mkokoteni ulikuwa wake. Akavaa kofia. Akashuka uani, akawashika ng'ombe pembe, akawageuza upande wa misheni.

Walikwenda kwenye mvua ile ile. Nabanda alilala kwenye majani makavu ndani ya mkokoteni, Esnarti akimshika kichwa, na Yelemiya alitangulia mbele ya ng'ombe njia nzima ili asimwone. Kila ilipofika kilima alimwuliza mkewe kwa sauti mapigo yanakwendaje, na Esnarti akayasema, hilo, hilo, hilo. Walifika jua likielekea kuzama. Daktari alimsikiliza Yelemiya maneno machache tu, akamfunua mgonjwa mwenyewe, akaagiza chumba cha upasuaji kitayarishwe.

Utumbo ulikuwa umeshaanza kuwa mweusi. Waliufungulia, wakaufunika kwa vitambaa vya maji ya uvuguvugu, wakangoja. Muuguzi aliyekuwamo alimsimulia Yelemiya kwamba hakuna aliyesema neno, wote wakiutazama kama wanaotazama chungu, mpaka rangi nyekundu ikaanza kurudi polepole. Wakauingiza ndani wakashona tundu. Daktari alisema wangechelewa, mgonjwa asingeiona kesho kutwa. Yelemiya alitoka nje, akakaa kwenye ngazi za jiko la hospitali, akalia bila kujificha. Mjomba Kalebe alikuja akaketi karibu naye.

"Mimi nilikuwa naelekea kwingine," Mjomba akasema.

"Ulikuwa na mkokoteni, mjomba. Bila mkokoteni maneno yangu yangefika wapi?"

"Hata hivyo. Nashukuru, mkwe." Akaigeuza kofia mikononi. "Lakini lile neno ulilolisema, usilirudie."

Yelemiya Kabuluzi amefanya kazi hiyo miaka mingi tangu wakati huo. Wamepita mikononi mwake wagonjwa wengi kuliko watu wa Mphalasa wote, hai na waliozikwa, na wauguzi vijana wanamjua kwa jambo moja: hamalizi kumsalimu mgonjwa kabla hajamwambia kwamba salamu imekwisha, sasa waongee kweli. Ana mambo mengi ya kushukuru, na akianza kuyataja utakaa mpaka chai ipoe. Lakini siku anayoishukuru kuliko zote si ile ya mkokoteni.

Likizo ilikwisha Nabanda akiwa bado wodini, anatembea kwa kushika kitanda. Siku ya mtihani wa marudio Mama Chimphamba alipita wodi ya wanawake, kama afanyavyo siku zote, akiuliza ni nani atakayekubali kuchunguzwa na mwanafunzi. Nabanda akainua mkono. Alisema anakubali, ila amchunguze yule mrefu ambaye kila akija kumwona mkewe hujificha nyuma ya mlango.

"Yule si mkweo?" Mama Chimphamba akauliza, maana naye ni wa huku huku.

"Ndiye."

"Na desturi, mama?"

"Desturi ina mlango wake. Kaka yangu yuko njiani na ufunguo."

Ufunguo ulikuwa kuku. Kwetu, mama mkwe akiona mkwe wake amekuwa mtu wa kwao kweli, humkabidhi kuku jike kwa mkono wake mwenyewe, na tangu hapo wanaonana. Wengi hawafiki huko, au wanafika wakiwa vikongwe wasioona. Mjomba Kalebe aliingia wodini na kapu kwapani, na ndani ya kapu kuku akijieleza kwa sauti. Muuguzi mkuu alimfuata mbio akauliza tangu lini kuku wanalazwa.

"Huyu si kuku, ni mila," Mjomba akamjibu, akaendelea kutembea.

Wakakubaliana wafanyie kwenye baraza la wodi. Nabanda aliletewa kiti. Yelemiya alisimama mbele yake, koti jeupe limepigwa pasi, macho kwenye vidole vya miguu ya mama mkwe wake. Akapiga magoti. Kuku akawekwa kwenye viganja vyake viwili, na mikono iliyomweka ilikuwa na sugu za majembe mawili. Akamkabidhi Esnarti kuku, akanawa, akakausha, akapasha viganja kama alivyofundishwa.

"Inua macho, mwanangu," Nabanda akasema. Hakusema mkwe.

Alianza na jicho, kama utaratibu unavyotaka. Aliweka kidole gumba chini ya kope, akalivuta taratibu, na kulivuta kope la mtu huwezi bila kumtazama. Mbele yake palikuwa na uso mwembamba, wenye pengo dogo kwenye meno ya mbele, na macho ambayo moja limezidi jingine kidogo tu. Macho hayo aliyajua. Ndiyo yaliyomtazama kila asubuhi kutoka kwenye uso wa binti yake Tamandani, na siku zote alijiuliza mtoto ameyatoa wapi.

"Haya, Kabuluzi," Mama Chimphamba akasema, kalamu mkononi. "Umeona nini?"

Jibu alilijua. Kope lilikuwa jekundu, damu ipo ya kutosha, weupe wa jicho hauna umanjano. Lakini alipofungua mdomo machozi yakaanza kumdondokea kwenye koti.

Mkufunzi akataka kuuliza tena, lakini Nabanda akamzuia kwa mkono, bila kuacha kumtazama mkwe wake.

"Mpe nafasi, mwalimu," akasema. "Ndiyo kwanza tunaonana."